Kujifunga na dini au na jambo lisilo la dini? Ulinganisho kwa aliye njia panda

Swali la kama Mungu yupo silijibu hapa. Saikolojia na sosholojia hazina mizani ya kulipima, na mtaalamu anayedai kwamba takwimu zake zimelimaliza, awe wa upande gani, ametoka nje ya kazi yake. Ninacholinganisha ni aina mbili za maisha: ya mtu aliyejifunga na dini, na ya mtu aliyejifunga na jambo lisilo la dini, iwe ni utetezi wa haki, sayansi, chama cha wafanyakazi, mazingira, au falsafa ya utu isiyomtegemea Mungu. Wote wawili wana kitu wanachokiona kikubwa kuliko nafsi zao, na wote wawili wanakigharamia kwa muda, fedha na usingizi.

Kigezo changu kikuu ni hiki: siku moyo ukipoa, nini kitakushika? Mtu aliyeokoka jana na mwanaharakati aliyejiunga jana wote wana moto, huwezi kuwatofautisha. Tofauti hujitokeza miaka ikishapita, baada ya kufiwa, baada ya kiongozi uliyemwamini kukuangusha, au baada ya uchovu tu usio na sababu.

Mlango wa kuingilia ni mmoja

Wengi hudhani mtu huingia kwenye dini kwa kuvutwa na mafundisho, na huingia kwenye harakati kwa kuvutwa na hoja. John Lofland na Rodney Stark walifuatilia kikundi kidogo cha dini mpya huko California, wakachapisha walichokiona mwaka 1965. Kilichoamua zaidi kilikuwa urafiki. Mtu alijiunga pale mahusiano yake na waliomo yalipozidi uzito mahusiano yake na walio nje. Mafundisho yalikuja kukolea baadaye.

Sasa weka pembeni yake kazi ya Doug McAdam. Huyu alichambua fomu za vijana walioomba kwenda Mississippi majira ya joto ya mwaka 1964 kuwasaidia watu weusi kujiandikisha kupiga kura. Haikuwa safari ya mchezo: vijana watatu wa kampeni hiyo waliuawa mwezi Juni, kazi ndiyo kwanza imeanza. Baadhi ya waliokubaliwa walijitoa kabla ya kufika. McAdam alipolinganisha fomu za walioenda na za waliojitoa, hakuona tofauti kubwa ya itikadi. Wote waliandika maneno mazito yaleyale kuhusu haki na usawa. Walioenda walikuwa na uzoefu zaidi wa harakati, walikuwa wanachama wa vyama vingi zaidi, na walikuwa na marafiki wa karibu ambao nao walikuwa wanakwenda.

Katika kuingia, basi, ni ngoma droo. Ila anayechagua ana la kuchukua hapo: kabla hujasoma katekisimu au katiba ya chama, tazama utakaa na nani. Ukikaa nao muda wa kutosha, mengi wanayoyaamini yatakuingia, na utajiona umeyafikia mwenyewe.

Saa za kwanza za msiba

Hapa tofauti inaonekana kwa macho. Muislamu akifariki, waliobaki hawakai kujadili wafanye nini. Mwili unaoshwa kwa utaratibu unaojulikana, unavishwa sanda, swala ya jeneza inaswaliwa kwa takbira nne, watu wamesimama mwanzo hadi mwisho, hakuna rukuu wala sijda. Anayelia na anayeshindwa kulia wote wana pa kusimama, kwenye safu. Mkatoliki naye ana misa ya wafu na sala zilizoandikwa kabla babu yake hajazaliwa. Mfiwa habuni chochote. Anabebwa.

Mazishi yanayofuata falsafa ya utu, ambayo yamezoeleka Uingereza na Norwe, huenda kwa namna nyingine. Msimamizi wa shughuli anakaa na familia, anauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alikuwa akichekeshwa na nini, kisha anaandika hotuba inayomhusu huyo mmoja tu. Familia inachagua muziki na inachagua nani azungumze. Mara nyingi matokeo yake yanagusa kuliko ibada iliyoongozwa na mtu aliyekosea jina la marehemu. Lakini angalia kazi aliyobebeshwa mjane: kuamua. Na aliyefiwa jana, hicho ndicho asichokuwa na nguvu nacho.

Norwe wamelipunguza tatizo hilo kwa kutovunjika moyo. Tangu mwaka 1951 vijana huko wanaweza kupata kipaimara kisicho cha dini, na chama cha wafuasi wa falsafa ya utu kilichoanzishwa mwaka 1956 kina wanachama zaidi ya laki moja. Kinachofanya kazi pale, kwa maoni yangu, ni umri wa jambo lenyewe. Shughuli iliyopitiwa na bibi, kisha mama, kisha binti, haihitaji tena kutetewa na mtu.

Kwenye msiba naipa dini ushindi, tena wa mbali. Isipokuwa pale marehemu alipoikataa dini miaka yote na kila aliyehudhuria anajua. Hapo kila neno la ibada ni chumvi kwenye kidonda.

Na dini si dawa ya ganzi. Kenneth Pargament na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, kwa karibu miaka miwili, wakatoa matokeo mwaka 2001. Wale waliokuwa na mgogoro na Mungu wao, waliojiuliza kama amewatupa, waliotilia shaka upendo wake, au walioamua kwamba shetani ndiye aliyeleta ugonjwa, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, hata baada ya hali yao ya afya ya mwanzo kuzingatiwa. Imani inayokuinua ndiyo hiyohiyo inayoweza kukulalia kifuani usiku. Asiyeamini anaugua bila wa kumlaumu mbinguni. Ana upweke wake, lakini kesi hiyo hana.

Nyumba zilezile, watu wawili tofauti

Katika sosholojia ya mambo haya hakuna mji ninaoupenda kuliko New Harmony, Indiana. Waliujenga wafuasi wa George Rapp, Wakristo wenye asili ya Ujerumani waliogawana mali yote na kuishi kwa useja wakimsubiri Kristo arudi. Walifika hapo mwaka 1814, wakafyeka pori, wakajenga nyumba na viwanda, wakanawiri. Mwaka 1825 wakauza mji mzima kwa Robert Owen, mwenye viwanda kutoka Uingereza aliyezikataa dini zote na kuamini kwamba mazingira mazuri yatazaa mtu mwema. Owen alipata majengo yaleyale na mashamba yaleyale, akaongeza fedha nyingi na wasomi wa maana. Mamia ya watu waliitikia wito, bila mchujo wowote. Wakaandika katiba, wakaibadilisha, wakaibadilisha tena, wakagawanyika juu ya nani afanye kazi gani. Kufikia mwaka 1827 jumuiya ilikuwa imekwisha. Watu wa Rapp, walioondoka na kuanza upya Pennsylvania, waliendelea mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, na hao ni watu wasiozaa.

Mfano mmoja hautoshi kuthibitisha lolote, ila huu una wenzake. Richard Sosis na Eric Bressler, mwaka 2003, walichukua jumuiya 83 za Marekani ya karne ya 19, za dini na zisizo za dini, wakahesabu masharti ambayo kila moja iliwawekea wanachama: chakula, mavazi, mali, ndoa, mawasiliano na watu wa nje. Kwa jumuiya za dini, masharti yalipokuwa magumu zaidi, jumuiya ilidumu zaidi. Kwa zisizo za dini, ugumu wa masharti haukuongeza umri hata kidogo.

Sosis anaeleza kwamba sharti takatifu linasimama juu ya jambo lisiloweza kuthibitishwa wala kukanushwa. Sharti lisilo la dini linasimama juu ya sababu, na sababu hujadiliwa. Ukiniambia tusile nyama kwa ajili ya mazingira, kesho nitakuja na hesabu kwamba kuku si mbaya kiasi hicho, na keshokutwa tutakuwa na kamati. Ukiniambia Mungu ameharamisha, mjadala unakuwa mfupi.

Kama hofu yako kubwa ni kwamba utaacha, basi hapa una jibu: dini inashika kuliko. Lakini kinachoshika vizuri hakibagui kinachoshikwa. Kosa nalo linashikwa. Upande usio wa dini una faida yake hapa, na ningeipima kwa mfano unaouma upande huo wenyewe. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa watoto 1,170 kutoka nchi sita uliodai kwamba watoto wa familia zenye dini ni wachoyo kuliko wenzao. Wasioamini wengi waliushangilia. Baadaye ikagundulika kwamba kwenye hesabu, namba zilizotumika kama majina tu ya nchi zilichukuliwa kama vipimo vya kiasi. Ilipokokotolewa upya, uhusiano uliotangazwa kati ya dini na uchoyo haukubaki. Mwaka 2019 utafiti ukaondolewa rasmi. Ilichukua miaka minne, na walioshangilia hawakutangaza masahihisho kwa sauti ileile, lakini kulikuwa na utaratibu wa kusahihisha na ulifanya kazi.

Hata hivyo usidhani kwamba kukataa dini kunakuondoa kwenye utakatifu. Auguste Comte, mmoja wa waasisi wa sosholojia, alipoona jamii haitashikamana kwa sayansi peke yake alibuni dini ya ubinadamu, na kalenda yake ya miezi 13 iliyopewa majina ya watu wakubwa: Musa, Homer, Aristotle, mpaka Gutenberg na Shakespeare. Mtu anaweza kucheka. Wakomunisti wa Urusi hawakuwa wanatania walipouhifadhi mwili wa Lenin mwaka 1924 na kuuweka watu waupitie kwa foleni. Émile Durkheim alikuwa ameshaandika mwaka 1912 kwamba kundi linapoabudu, kwa sehemu kubwa linajiabudu lenyewe. Kama yuko sahihi, harakati yoyote inayodumu itazaa vitu visivyoguswa. Ulizia ni vipi, kabla hujaingia.

Furaha na wema: usichague kwa haya

Hapa nitapita haraka, kwa sababu ndipo matangazo yanapokuwa mengi na ushahidi ukawa mwembamba kuliko matangazo.

Ni kweli kwamba katika tafiti nyingi, hasa za Marekani, wanaohudhuria ibada husema wameridhika zaidi na maisha. Chaeyoon Lim na Robert Putnam walipochunguza sababu, mwaka 2010, waliikuta kwa marafiki wa ndani ya kusanyiko. Mtu anayehudhuria kila wiki bila kuwa na rafiki hata mmoja pale hana alichomzidi asiyehudhuria. Ed Diener na wenzake waliongeza mwaka 2011 kwamba faida hiyo inaonekana zaidi katika nchi zenye maisha magumu. Maisha yakiwa salama, pengo linapungua sana. Luke Galen na James Kloet, mwaka huohuo, wakakuta kwamba waumini thabiti na wasioamini thabiti wote wako vizuri kiakili kuliko walio katikati. Huyo wa katikati ndiye namwonea huruma. Mara nyingi anajisifu kwamba hajafungwa na upande wowote, kumbe halali vizuri kama wenzake waliokwisha amua. Ila nao ni utafiti wa wakati mmoja: huenda kuyumba kunaleta msongo, na huenda msongo ndio unaomyumbisha mtu.

Kuhusu wema, mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson waliwatuma wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton kutoka jengo moja kwenda lingine. Njiani, kwenye kichochoro, mtu amejikunyata mlangoni, kichwa chini, anakohoa na kuguna. Baadhi ya wanafunzi hao walikuwa wanakwenda kuzungumza juu ya mfano wa Msamaria mwema. Wasiokuwa na haraka, asilimia 63 walisaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Kuwa na Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana, na aina ya dini aliyonayo mtu haikutabiri kama atasimama. Sioni sababu ya kudhani kwamba wanasheria wa haki za binadamu waliochelewa kikao wangefanya vizuri zaidi.

Kutoka

Hili wengi hawaliulizi wakati wa kuingia, na ndilo ningeliuliza kwanza.

Helen Rose Ebaugh, mwanasosholojia aliyewahi kuwa mtawa, alichapisha mwaka 1988 utafiti wake kuhusu watu walioacha nafasi zilizokuwa utambulisho wao: watawa, madaktari, waliotalikiana, na wengineo. Alionyesha kwamba kuacha hakuishi siku unapotoka. Unabaki kuwa mtu wa zamani wa kitu fulani, watu wanakushughulikia kwa hilo, na wewe mwenyewe unaendelea kujipima nalo.

Katika dini, gharama ya kutoka iko wazi. Familia, ndoa, mazishi yako mwenyewe, vyote vimefungamana nayo. Azimio la Dunia la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 18, linampa kila mtu uhuru wa kubadili dini au imani, lakini zipo nchi ambazo sheria zake zinamwadhibu anayeacha dini. Aliye katika mazingira hayo asichukue ulinganisho huu kama ushauri wa kutangaza lolote. Usalama wake unatangulia.

Kwenye harakati zisizo za dini watu hutoka kimyakimya. Unachoka, unakosa mkutano, unakosa wa pili, jina lako linateleza kutoka kwenye orodha, na hakuna aliyekosea. Katika kusanyiko la dini lililo hai, ukitoweka wiki tatu mtu atapiga simu. Unaweza kuliona hilo ni upendo au ni upelelezi, na yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa simu moja. Lakini kwa kigezo nilichokitaja mwanzoni, simu hiyo ni kitu kikubwa, na vyama visivyo vya dini vingefanya vizuri kuiiga kabla ya kuiga nyimbo. Waliojaribu kuiga sura ya ibada wamepata matokeo mchanganyiko: Sunday Assembly, kusanyiko la Jumapili lisilo na Mungu lililoanza London Januari 2013, lilienea miji mingi kwa kasi ya kushangaza, kisha matawi mengi yakafifia.

Je, mtu huchagua kweli?

Kuamini hakuamrishwi. Huwezi kukaa kitandani ukaamua kwamba kuanzia kesho saa mbili asubuhi unaamini ufufuo, au kwamba huuamini tena. Blaise Pascal aliliona hilo katika karne ya 17. Kwa yule aliyeshawishika na hoja yake maarufu ya dau, kwamba ni heri kubahatisha Mungu yupo kuliko kubahatisha hayupo, lakini moyo ukagoma, alimshauri aanze na matendo: achukue maji ya baraka, aombe misa ziombwe, afanye kama wanavyofanya wanaoamini. Unaweza kuichukia shauri hiyo kama njia ya kujidanganya, na wengi wameichukia. Kisaikolojia ilikuwa sahihi: unachoweza kuchagua ni mazoea na watu wa kukaa nao, na hayo mawili huvuta mengine.

Kwa hiyo ningemwambia hivi anayeniuliza. Kama maneno ya msingi ya dini unaweza kuyatamka bila kukwama kooni, na unajijua kuwa mtu wa kuanza vitu na kuviacha, chagua dini, na chagua kusanyiko ambalo tayari una rafiki ndani yake. Kama maneno hayo kila ukiyasema unajisikia mwongo, usiingie kwa ajili ya afya wala upweke. Gordon Allport na Michael Ross walionyesha mwaka 1967 kwamba wanaoitumia dini kama chombo cha kupata mengine ni watu tofauti na wanaoiishi. Hao wa kwanza walikutwa na ubaguzi zaidi wa rangi. Tafuta jambo lisilo la dini, lakini uwe tayari kwa kazi ambayo mwenye dini haifanyi: kujijengea ratiba, kutafuta watu wa kukuulizia ukipotea, na kuandika mapema mazishi yako yaweje ili usimwachie mtu mwingine kazi ya kuamua.

Wala ukuta kati ya pande hizi si mrefu kama wapiganaji wake wanavyoupaka rangi. Kwenye maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963, mchungaji Martin Luther King alisimama jukwaa moja na A. Philip Randolph, mtoto wa mchungaji aliyewapanga kwenye chama wahudumu weusi wa treni tangu 1925, na ambaye mwaka 1973 alitia saini ilani ya wafuasi wa falsafa ya utu. Wazo la maandamano lilikuwa la Randolph, na makanisa yalileta watu.

Popote unapoelekea, nenda kwanza kama mgeni, zaidi ya mara moja, na uulize mambo matatu. Mara ya mwisho mlikosea nini, na nani alisema? Mwenzenu akiugua miezi sita, nani humtembelea? Na yule aliyeondoka, mnamzungumziaje? Swali la tatu lisikilize kwa makini kuliko mengine. Wakimtaja kwa jina na kujua anaendeleaje, kaa. Wakibadilisha mada, au wakiwa na neno maalumu la kuwaita watu kama yeye, ondoka mapema, kabla marafiki zako wote hawajawa humo.